Kuzimu katika Ufunuo wa Yohana: Neno Moja na Fasiri Zake Upare Kusini

Ufunuo wa Yohana ulifika Upare ukiwa tayari na fasiri mbili zisizopatana. Walutheri wa Misheni ya Leipzig, waliofika Shigatini mwaka 1900, walirithi tahadhari ya Luther, ambaye katika dibaji yake ya 1522 alikitilia shaka kitabu hicho. Wasabato kutoka Ujerumani, walioanzisha kituo cha Giti mwaka 1903, walikuja na kitabu hichohicho kama msingi wa utume wao. Bombo, kwenye hospitali ya Kilutheri ya Gonja, imo katika eneo ambamo mapokeo hayo yamekaa jirani kwa zaidi ya karne moja.

Mijadala yao kwa kawaida huzunguka mnyama, chapa na hesabu ya miaka. Kuna neno jingine lililofanya kazi kimyakimya, nalo ni kuzimu.

Yohana, ambaye kwa ushuhuda wa Irenaeus aliona maono yake mwishoni mwa utawala wa Domitian, anatumia maneno mawili ya Kigiriki. Hades, makao ya wafu, limo mara 4. Abyssos, kilindi kisicho na mwisho, ambamo mnyama hutoka na joka hufungwa, limo mara 7. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, imeweka kuzimu mahali pote 11. Haikulazimika. Katika Luka 8:31 abyssos imekuwa shimoni tu, na katika Mwanzo 1:2, ambapo tafsiri ya kale ya Kigiriki ina abyssos, Union Version yenyewe ina vilindi.

Kwa hades neno hilo linafaa sana. Shina lake ni -zimu, lile la mizimu, na ku- ni ya mahali: kuzimu ni kwa wahenga. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Kwa Wapare wa zamani wahenga hawakuwa wafungwa. Mafuvu yao yalihifadhiwa mahali patakatifu, wakatambikiwa, wakatazamiwa kulinda ukoo; Kimambo na Omari walionyesha mwaka 1972 jinsi vituo hivyo vya ibada vilivyofungamana na historia ya koo. Kumtoa mnyama kuzimu ni kumtoa nyumbani kwa babu.

Ajabu ni kwamba waliohitaji zaidi maneno mawili ni Wasabato. Ernst Kotz, mmisionari wao aliyechapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, aliijua lugha ya wenyeji vya kutosha kutafsiri Agano Jipya. Mafundisho yao husema wafu wamelala wala hawajui neno lolote. Hades ni kaburi, na abyssos ya sura ya 20 ni dunia iliyoachwa ukiwa kwa miaka 1,000. Mwalimu wa Kisabato anayefundisha kwa Union Version hana budi kulivunja neno analolisoma kabla ya kulifafanua. Mlutheri hana shida hiyo kwa kiwango kilekile, maana hesabu za sura hiyo hazibebi imani yake.

Toleo la Union Version huandika Kuzimu kwa herufi kubwa katika 6:8, lakini herufi kubwa haisikiki kanisani. Anayesikiliza sura ya 20 husikia joka likitupwa kuzimu katika aya ya 3, kuzimu ikiwatoa wafu katika aya ya 13, na kuzimu yenyewe ikitupwa motoni katika aya ya 14. Kwa sikio la Bombo, joka na wahenga wamefungiwa nyumba moja miaka 1,000.