Elimu Kama Malipo ya Askari: Mume na Mke Katika Katanga

Husemwa mara nyingi kwamba mwanamume aachapo jeshi huithamini elimu kama njia ya kupata kazi, ilhali mwanamke huithamini kwa ajili ya watoto wake. Makala haya mafupi yanadai kwamba, katika Katanga, tofauti hiyo haikutokana na maumbile ya mume na mke, bali na namna elimu yenyewe ilivyogawiwa.

Tuanzie Kambove, mji wa shaba ulio karibu na Likasi. Baada ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuundwa mwaka 1906, wafanyakazi waliletwa migodini kutoka mbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Katika shule za kampuni na za wamisionari, wavulana walifunzwa ufundi, na wasichana kushona na kutunza nyumba. Jeshi la koloni, Force Publique, lilitoa amri kwa Kilingala, lakini ubaguzi wake wa elimu ulikuwa uleule. Mwanamume aliweza kutoka jeshini na ujuzi wa kalamu. Mfano maarufu ni Joseph-Désiré Mobutu: aliingia jeshini mwaka 1950, akafundishwa ukarani huko Luluabourg, na alipotoka mwaka 1956 akawa mwandishi wa magazeti mjini Léopoldville. Mke wa askari naye aliishi kambini, chini ya amri za jeshi, lakini elimu yake ilikuwa ya sindano na sufuria, wala haikumfungulia mlango wa ofisi. Faida ya shule ilimfikia kwa kupitia mwanawe. Ikumbukwe kuwa Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, alihitimu mwaka 1964, yaani miaka minne baada ya uhuru.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 vililirudisha suala hilo. Mpango wa taifa wa kuwarejesha wapiganaji uraiani, ulioanza mwaka 2004, uliahidi mafunzo ya kazi. Hata hivyo, wanawake wengi waliofuatana na vikosi, wakipika, wakibeba mizigo na kuuguza majeruhi, walihesabiwa kuwa wategemezi tu. Wengine walirudi makwao kimyakimya kwa kuchelea aibu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa iliyowatambua wanawake wa namna hiyo kuwa kundi lenye haki zake ilitolewa mwaka 2006, mpango ukiwa umekwisha kuanza.

Hivyo basi, mtafiti anayetaka kulinganisha thamani ya elimu kwa wanaume na wanawake waliotoka vitani hana budi kuuliza kwanza: ni nani aliyeandikwa katika daftari? Mama anayeomba karo ya mwanawe asidhaniwe kuwa haitaki elimu kwa nafsi yake. Huenda anaiomba kwa njia pekee aliyopata kuiona ikifunguka.