Kijiji cha Rika Kule California

Ukikaa na mzee wa Kinyakyusa akakuanzia habari za kale za hapa Rungwe, hachelewi kufika kwenye vijiji vya rika. Mtoto wa kiume akitimiza miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda na wenzake kujenga vibanda pembeni. Huko walilala, huko walipiga soga, huko walikua. Mchana walilima mashamba ya baba zao. Wakati wa kula walizunguka kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, Good Companions, kilichotoka mwaka 1951. Roho ya maisha yale ilikuwa ukwangala, yaani kukaa na mnaolingana, kula pamoja na kuongea. Wazee waliamini kuwa akili haiji kwa mtu anayejitenga.

Nimeyakumbuka hayo hapa Mpuguso kwa sababu ya kitu kilichotoka mbali sana na migomba yetu. Petu pana chuo cha ualimu, na ukitaja PowerPoint mbele ya wanachuo hakuna atakayeuliza ni mnyama gani. Ni ile programu ya kupanga maneno na picha kwenye kompyuta ili umulike ukutani mbele ya watu. Lakini waliotengeneza kitu hicho waliishi vipi? Nilipoanza kuifuatilia historia yao, nikakutana na kijiji cha rika.

Kampuni ya Forethought ilianzishwa California mwaka 1983 na jamaa wawili waliotoka Apple, Rob Campbell na Taylor Pohlman. Mpango wao wa kwanza ulikwama. Mwaka 1984 wakamchukua Robert Gaskins, mtu aliyekuwa amesoma fasihi ya Kiingereza, isimu na kompyuta pale Chuo Kikuu cha Berkeley. Ndiyo, ndugu zangu wa kalamu, fasihi! Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Gaskins aliandika pendekezo la kurasa mbili tu. Enzi hizo mkubwa wa ofisi akitaka kuhutubia mkutano aliyapeleka maneno yake kwa wachoraji au kwa karani, akangoja yarudi kwenye karatasi za plastiki za kuwekwa kwenye projekta. Yakirudi na kosa, anangoja tena. Gaskins alisema mwenye maneno ayapange mwenyewe. Wazo lote ni hilo, halina ushirikina.

Oktoba 1984 akaja Dennis Austin, mwandishi wa programu. Hawakuwa vibarobaro, wote wawili walikwishafanya kazi kwingine. Rika lao halikuwa la meno ya utotoni, lilikuwa la kuheshimiana. Walibishana juu ya karatasi kwanza, kila kitu kikaandikwa kingefanyaje kazi, ndipo kompyuta ikaguswa. Tom Rudkin akaungana nao mwaka 1986. Watu watatu hao ndio waliobeba mzigo wenyewe.

Fedha, bwana, zilikuwa za mawazo. Ili sufuria isishuke jikoni, Forethought iliuza FileMaker, programu iliyotungwa na kampuni nyingine iitwayo Nashoba. Huko ndiko kulima shamba la mwingine huku kibanda chako hakijaezekwa. Hata jina liliwasumbua: walitaka kuiita Presenter, kumbe jina lina mwenyewe, ikabidi watafute jingine. Aprili 1987 PowerPoint ikatoka, kwa kompyuta za Macintosh peke yake, ikiwa na rangi nyeusi na nyeupe tu. Nakala 10,000 za kwanza zikaisha.

Kisha akaja tajiri. Jeff Raikes wa Microsoft aliiona programu hiyo akaipenda, akampelekea habari Bill Gates. Gates mwanzoni hakuona sababu ya kuwa na kitu cha pekee; kwa maoni yake ingetosha kuongeza kipengele ndani ya Word. Ni kama baba anayeuliza kijana anajenga kibanda cha nini wakati sebule ipo. Baadaye akakubali, na mwaka huohuo wa 1987 Microsoft ikainunua Forethought kwa dola milioni 14.

Hapo ndipo ukwangala ulipopimwa. Makao ya Microsoft yalikuwa Redmond, mbali kaskazini, na kawaida ya aliyenunuliwa ni kufunga virago akahamie kwa mnunuzi. Gaskins akakataa. Timu yake ikabaki California, ikapata ofisi zake Menlo Park, ikawa kikundi cha kwanza cha Microsoft cha kutengeneza programu nje ya Redmond. Walikula kwa baba: PowerPoint iliuzwa pia ndani ya kapu moja la Office pamoja na Word na Excel. Lakini walilala kwao, wakachagua wenyewe wa kuajiri na namna ya kufanya kazi. Mwaka 1990 wakatoa toleo la Windows. Gaskins alipostaafu mwaka 1993, wale wachache walikuwa wamekaribia mia.

Wengi wanaposimulia habari hii husifia zile dola milioni 14. Mimi nasifia ule ubishi wa kukataa kuhama. Manake kikundi kikikua, kinachokufa kwanza ni mazungumzo ya wanaolingana. Mmoja anakuwa bosi, wengine wanakuwa masikio. Wale jamaa walijua kuwa programu yao ilizaliwa kwenye mabishano, na mabishano yanataka baraza lake.

Hata hivyo, tusiwapambe kupita kiasi. Kijiji chao kilikuwa kwenye ardhi ya mtu. Uhuru wao walipewa, na cha kupewa hunyang'anywa. Wanyakyusa walikuwa na dawa ya jambo hilo: ubusoka, sherehe ambayo kizazi cha baba kilikabidhi ardhi na madaraka kwa vijana, wazee wakasogea pembeni. Kibanda cha mchezo kikawa nchi. Forethought haikupata ubusoka, ilipata mnunuzi.

Na kwetu je? Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya zile za Wizara ya Fedha kuleta hasara na kero. Miaka 30 baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, kapu la programu za ofisi kwa Kiswahili, ikiwemo ya kupanga slaidi. Ilitolewa bure. Waliokaa kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe walikuwa wakifanya kile alichodai Gaskins, tena kwa undani zaidi: mwenye maneno ayapange mwenyewe, na kwa lugha yake.

Sisi wa kijiweni tunaoandika tuna tabia ya kuuliza kwanza nani atatufadhili. Swali halina ubaya, hata vijana wa zamani walikula kwa mama zao bila aibu. Ila liwe la pili. La kwanza ni hili: tukishalishwa, tutarudi kulala wapi? Kama hatuna kibanda cha kurudi tukabishane, mfadhili hatatukuta waandishi. Atatukuta makarani wa maneno yake.