Kabla Mgeni Rasmi Hajafika: Maigizo na Watoto wa Upare

Ukienda kwenye mahafali ya darasa la saba, iwe Same mjini au juu kule Mbaga na Chome, ratiba unaijua hata kabla hujapewa. Kwaya, ngoma, risala, halafu ngonjera. Watoto wawili wanasimama mkabala, mmoja hajui, mwenzake anajua. Wanajibizana kwa vina mpaka yule asiyejua anakubali yaishe. Mgeni rasmi anatabasamu, noti zinatoka, vigelegele juu. Inapendeza, sikatai. Lakini kwa miaka mingi tumelichukulia hilo kuwa ndiyo kumfundisha mtoto maigizo, na inafaa tujiulize tulifikaje hapo.

Turudi nyuma. Isaria Kimambo, mwanahistoria mwenyeji wa Upare, alikusanya masimulizi ya wazee na mwaka 1969 akatoa kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare. Humo tunakutana na mshitu, jando la msituni. Mapokeo ya Ugweno, Upare ya Kaskazini, yanasema Wasuya wakiongozwa na Angovi waliwapindua Washana, ukoo wa wahunzi uliokuwa ukitawala, na mwanawe Mranga akaupanga upya mshitu ukawa wa nchi nzima. Kwa hiyo shule ya vijana ilikuwa pia nguzo ya dola. Wataalamu wa sanaa za maonyesho, akiwemo Penina Mlama, wameshatuonyesha kwamba jando na unyago ni maigizo kamili: kuna wimbo, kuna fumbo, kuna kuigiza, kuna hadhira. Ila tusiupambe sana mshitu. Nao ulifundisha utii. Aliyeshika maneno alikuwa mkubwa.

Wamisionari walipokuja, Walutheri wa Leipzig pamoja na Wasabato walioingia Upare mwaka 1903, waliyatazama mambo hayo kwa jicho jingine. Mmoja wao, Ernst Kotz, aliandika sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, iliyotoka 1909. Kazi ya maana. Lakini mwaka 1922 alichapisha Ujerumani kitabu juu ya watu hao hao, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama "Katika Kifungo cha Hofu". Jina peke yake linakwambia alikuwa amesimama wapi. Lugha iliokolewa kwenye karatasi, mila ikaitwa giza.

Sasa njoo 1945. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kodi iliyopangwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu, ikaipa jina la zamani, mbiru, ili ionekane ni jambo la mila. Wapare hawakudanganyika. Maelfu waliteremka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaingia, wakamkabili mtawala uso kwa uso wakitaka jambo lile limalizwe. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Kimambo ameandika kitabu kizima juu ya Mbiru. Soma, halafu niambie kama hiyo siyo tamthilia. Wahusika wapo, mgogoro upo, jukwaa lipo: ni mji ule ule ambao leo wengi wetu tunaupita kwa basi tukielekea Moshi au Dar.

Uhuru ulipokuja, watoto walipewa nini cha kuigiza? Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieneza. Mathias Mnyampala alishika usukani, na Ngonjera za UKUTA zilitoka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki 1969. Ngonjera ikaenda shuleni kwa kasi kwa sababu haikuhitaji jengo wala mavazi. Kwa nchi maskini yenye darasa lililofurika, hilo siyo jambo dogo. Shida ni umbo lake jinsi lilivyotumika: jibu linajulikana kabla swali halijaulizwa. Mtoto anakariri, mwalimu anasahihisha, mgeni anasifiwa.

Njia nyingine ilikuwepo. Mlama na Amandina Lihamba, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitumia miaka mingi kutafuta maigizo yanayoanza na wenye tatizo. Mwaka 1996 ukazaliwa mpango wa TUSEME katika shule za sekondari. Wasichana wanachunguza wenyewe kinachowazuia kusoma, wanatunga igizo, wanalionyesha, kisha wanajadiliana na walimu na jamii. Jina lenyewe ni hoja. Siyo "Tuwasemee". Ni Tuseme. Lakini ilikuwa sekondari, na huko shule ya msingi kwa sehemu kubwa ngonjera ikaendelea kutawala.

Ndiyo maana somo la Sanaa na Michezo lililomo kwenye mtaala mpya, ulioanza kutumika 2024, lisipite kimya kimya. Somo kuwa kwenye ratiba ni jambo moja. Nani anatunga maneno ni jambo lingine kabisa.

Kwa shule za Same kazi ya kuanzia ipo tayari, na haisubiri bajeti. Mtoto wa darasa la tano anaweza kutumwa nyumbani akamuulize bibi au babu: Mbiru ilikuwa nini? Nani wa ukoo wetu alishuka Same? Walikula nini kambini? Darasa linaleta majibu, linabishana yanapopingana, linachagua la kuigiza. Mwalimu hatoi mistari, anauliza tu: mkuu wa wilaya alijibu nini hapo, na wewe ungefanyaje? Hapo historia, Kiswahili na ujasiri wa kusema vimefundishwa kwa mpigo mmoja.

Ila muda unatukimbia. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1945 sasa ana 90 au zaidi. Kitabu cha Kimambo kitabaki maktaba, hakiendi popote. Yule bibi hatabaki. Na swali atakaloulizwa na mjukuu wake hatuwezi kumwandikia mtoto kwa vina.