Simu, Umeme na Lugha ya Amri: Usuli wa Kujifunza Kuandika Programu Ombaci na Nile Magharibi

Historia ya kompyuta katika Afrika Mashariki husimuliwa zaidi kutoka Nairobi na Kampala, mahali penye vyuo vikuu, wafadhili na umeme. Ikitazamwa kutoka Ombaci, nje kidogo ya Arua, inaanza kwingine: kwenye waya wa umeme uliochelewa kufika. Kijana wa Nile Magharibi anayejifunza kuandika programu kwa simu ya mkononi husifiwa kuwa amevumbua njia ya mkato. Sifa hiyo inaficha jambo. Njia hiyo aliirithi, kwa kuwa nyingine zilikuwa zimefungwa.

Ombaci inajulikana kwa mambo mawili: Chuo cha Mtakatifu Yosefu, shule ya sekondari ya Kikatoliki, na tarehe 24 Juni 1981, ambapo wanajeshi wa UNLA waliwashambulia raia waliokuwa wamekimbilia misheni na kuwaua karibu mia moja. Kabla na baada ya siku hiyo watu wengi wa Arua na Koboko walivuka mipaka kuingia Zaire na Sudan. Eneo lililokimbiwa na wakazi wake halijengewi mitambo, na waliporejea katika miaka iliyofuata walianza na nyumba na mashamba.

Umeme ulikuja polepole. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo ilikabidhiwa jukumu la kusambaza umeme Nile Magharibi, na kwa miaka kadhaa ilitegemea jenereta la mafuta. Kituo cha maji cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kazi mwaka 2012. Gridi ya taifa yenyewe ilifika mwaka 2024. Katika hali hiyo kompyuta ya mezani, inayozimika mara umeme ukatikapo, haikuwa na nafasi kubwa. Simu ilikuwa nayo, maana huchajiwa kwa paneli ya jua au kibandani kwa malipo madogo, kisha hudumu kutwa.

Programu-tumizi za kufundishia zilikuta uwanja huo. Grasshopper, iliyotolewa na Google mwaka 2018, ilifundisha JavaScript kwa mafumbo mafupi. Mwanafunzi aligusa vipande vya msimbo badala ya kuviandika. Huo haukuwa urembo tu. Kwenye kibodi ya simu, mabano na nukta-mkato, alama zinazohitajika karibu kila mstari, zimefichwa nyuma ya ukurasa wa pili au wa tatu, na anayeandika mistari ishirini hubadili kurasa mara nyingi kuliko anavyofikiri. Lakini Grasshopper ilifungwa mwaka 2023 kwa uamuzi uliofanywa mbali. Shule ikifungwa, jengo hubaki. Programu-tumizi ikifungwa, haibaki hata daftari.

Serikali nayo iliweka vizingiti. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, ambako wanaojifunza peke yao huulizana maswali. Mwaka 2021 tozo hiyo ilibadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, hivyo simu ikawa darasa kwa waliokuwa nayo. Zilipofunguliwa, wanafunzi wengi wa bweni walirudi kwenye kanuni inayowakataza kumiliki simu. Kifaa kilichoruhusiwa kufundisha wakati wa dharura kikawa tena kosa la nidhamu.

Linabaki suala la lugha, na hapa historia ya eneo ina uzito wa pekee. Kiswahili kilifika Nile Magharibi kwa kiasi kikubwa kupitia jeshi, kuanzia King's African Rifles, lililoandikisha askari wengi huku. Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Kwa wazee kadhaa, hata hivyo, kilibaki sauti ya kambini, lugha ambayo mtu huamriwa kwayo, ingawa sokoni Arua kimekuwa pia lugha ya kupatana bei.

Kuandika programu nako ni kutoa amri, ila sasa anayeamriwa ni mashine, na amri hizo zimejengwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi azungumzaye Kilugbara au Kikakwa hujifunza kwa lugha ya shuleni dhana ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani. Mapema katika miaka ya 2020 ilitokea Tanzania lugha ya programu iitwayo Nuru, ambayo maneno yake ya msingi ni ya Kiswahili: fanya, kama, sivyo, wakati, andika. Nuru huweza kusakinishwa kwenye simu ya Android kupitia Termux, bila kompyuta. Haitampatia mtu ajira Kampala, na kwa Mlugbara bado ni lugha ya jirani. Hata hivyo kitenzi ambacho babu alikisikia kikitolewa na ofisa, mjukuu anaweza kukiandika yeye mwenyewe, akabonyeza, akasubiri jibu.