Kufa Kufaana

Sisi wa visiwani tulipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara walingoja hadi 1994. Lakini kwa mtu wa Tarime, televisheni ilikuwa ya jirani tangu 1962, Kenya ilipoanza kurusha picha ng'ambo ya mpaka wa Sirari.

Leo seti kongwe ya chogo ikizimika Tarime, au Mugumu kule Serengeti, mara nyingi kinachokosekana si ujuzi bali kipuri. Kapasita iliyokauka haina taabu: fundi hutafuta yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua. Taabu ni flaibeki, transfoma inayokipa kioo maelfu ya volti. Hiyo hufuata aina ya seti, na seti hizo haziundwi tena. Isebania ni hatua chache kutoka Sirari, Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000; lakini kisichoundwa tena hakinunuliki kwa urahisi, kuwe karibu au mbali. Hubaki kuifungua seti nyingine iliyokufa. Wahenga walinena: kufa kufaana.

Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, 31 Desemba 2012, seti za chogo zimehesabiwa takataka. Atupaye seti mbovu huzika pamoja nayo uhai wa nyingine. Nasi tuliotangulia kwa rangi tuyaangalie maghala yetu: picha ya kwanza ya visiwa hivi haitaonekana tena katika kioo cha zama zake, ila kwa kipuri kilichotunzwa.