Fyuzi ya Shaba na Mpagazi Asiye na Jina

Juu ya meza ya ofisi yangu kuna kipande cha shaba ya manjano chenye umbo la koni butu, kizito kuliko kinavyoonekana, kinachoenea vizuri kiganjani. Wanafunzi wanaokuja kuniona kuhusu tasnifu zao hukichukua, hukigeuzageuza, kisha huuliza swali lilelile: "Dokta, hiki ni nini?" Nikiwajibu kuwa ni fyuzi ya kombora la Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi hukirudisha mezani upesi kana kwamba kimewaunguza. Huwatuliza kwa kuwaeleza kuwa baruti yake ilikwisha kuondolewa na wataalamu miaka mingi kabla hakijafika kwangu. Kilichobaki ni chuma kitupu na maandishi yake. Makala haya yanahusu maandishi hayo, na yanahusu pia watu ambao hawakuandikwa popote.

Fyuzi ninayoizungumzia si ile ya umeme tunayoijua majumbani. Ni kichwa cha kombora la mzinga, yaani sehemu inayoamua kombora lipasuke lini na wapi. Bila fyuzi, kombora ni mzigo wa chuma unaotupwa mbali tu. Fyuzi iliyo mezani kwangu ni ya Kiingereza, namba 80, aina iliyofungwa kwenye makombora ya mizinga ya paundi 13 na paundi 18. Kombora moja la mzinga wa paundi 18 lilibeba risasi ndogo za duara zaidi ya 300, nalo lilikusudiwa kupasuka hewani, juu ya vichwa vya askari. Ili lipasuke mahali panapotakiwa, mpiga mzinga alizungusha pete ya fyuzi yenye alama kuanzia 0 hadi 22. Mzinga ulipofyatuliwa, mshtuko ulisukuma fataki ndogo ndani ya fyuzi ikagonga sindano, na moto ukaanza kutambaa katika mfereji mwembamba wa baruti uliozunguka pete. Urefu wa njia hiyo ndio uliokuwa saa ya kombora. Moto ulipofika mwisho, risasi zilimwagika.

Niliinunua fyuzi hii nilipokuwa masomoni Uingereza, kwenye soko la vitu vikuukuu la Jumapili, kwa bei isiyozidi chakula cha mchana. Huko wapo watu wazima, wastaafu wengi wao, ambao kwa miaka mingi wamekusanya fyuzi zilizokwisha kuondolewa ulipuzi. Huzipanga kwa nchi, kwa namba, kwa mwaka na kwa kiwanda, kama vile wengine wanavyopanga stempu za posta. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Baadaye mmoja wao, fundi mstaafu wa mashine, alinionyesha namna ya kusoma maandishi yaliyogongwa kwenye shaba, na tangu siku hiyo sijaona tena kuwa ni mchezo. Kila herufi ilikuwa na habari. Herufi fulani zilionyesha maabara ya kifalme ya Woolwich, nyingine kiwanda cha Elswick, nyingine kampuni ya Vickers. Kulikuwa na mwezi na mwaka. Aidha, fyuzi za Kijerumani zilisimulia njaa ya madini: Uingereza ilipofunga njia za bahari na shaba ikaadimika Ujerumani, mafundi wao waligeukia chuma na zinki. Mtu anayezipanga fyuzi hizo kwa mfuatano wa miaka anaiona vita ikilila taifa, pete kwa pete.

Kwenye fyuzi kadhaa za namba 80 kuna herufi tatu ambazo kila ninapozionyesha darasani huzua mjadala: KPz. Maana yake ni fyuzi ya hataza ya Krupp. Krupp ilikuwa kampuni kubwa kabisa ya silaha ya Ujerumani. Kabla ya vita, Vickers ya Uingereza ilikuwa imeingia mkataba na Krupp wa kutengeneza fyuzi kwa ubunifu wa Wajerumani, kwa ahadi ya kuwalipa shilingi moja na peni tatu kwa kila fyuzi. Vita ilipoanza mwaka 1914, viwanda vya Uingereza viliendelea kuzitengeneza kwa wingi, na makombora yenye ubunifu wa Krupp yakawaangukia vijana wa Kijerumani. Vita ilipokwisha, Krupp iliwasilisha madai yake. Shauri hilo lilivutana kwa miaka, na mwaka 1926 Vickers ikalipa pauni 40,000 kulimaliza.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Mamilioni ya watu walikuwa wamekufa, falme zilikuwa zimeanguka, lakini hesabu ya fyuzi ilikuwa imetunzwa kiasi cha kuwawezesha wafanyabiashara wawili waliokuwa pande mbili za vita kuketi na kupatana. Kilichotunzwa ni kile ambacho mtu alitarajia kulipwa kwacho. Hii ni kanuni ninayowasisitizia wanafunzi wangu wa historia: nyaraka hazibaki kwa bahati tu. Hubaki kwa sababu kuna mwenye maslahi ya kuzibakiza.

Sasa tuirudishe fyuzi hii Afrika, kwa kuwa sehemu yake ilitoka hapa. Shaba ilikuwa uti wa mgongo wa viwanda vya silaha, na uzalishaji wa migodi ya Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, uliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya mwaka 1914 na 1917, huku sehemu kubwa ya shaba hiyo ikiingia katika uchumi wa vita wa Washirika. Shaba iliyochimbwa na Mwafrika ilivuka bahari, ikayeyushwa, ikachongwa, ikapigwa muhuri wa kiwanda cha Uingereza. Kisha makombora yakavuka bahari tena kuja kutumika katika ardhi ya Afrika.

Vita vya Afrika Mashariki vilianza Agosti 1914 na havikwisha mpaka Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kisa kinachopendwa na waandishi wengi ni kile cha manowari Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliizamisha meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, katika maji ya Zanzibar. Baadaye ilijificha katika delta ya Rufiji, na Julai 1915 iliangamia humo baada ya kushambuliwa. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 ya milimita 105, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, wakaitawanya nchini. Mmojawapo ulisikika Kondoa Irangi mwaka 1916. Mizinga 3 kati ya hiyo ingalipo hadi leo: Mombasa, Jinja na Pretoria. Watalii huipiga picha, na vibao vinaeleza jina la manowari, kipenyo cha mzinga na mwaka.

Lakini mzinga hautembei wenyewe. Huku kwetu mbung'o aliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na barabara zilikuwa chache. Kilichobaki ni shingo na mabega ya watu. Mamia ya wanaume walihitajika kuuvuta mzinga mmoja wa Königsberg katika matope na milima. Makombora yake, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 15, yalisafiri vichwani na mabegani. Machi 1916, meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilipopenya kizuizi cha Waingereza na kutia nanga Sudi, kusini mwa Lindi, shehena yake ya silaha na risasi iligawanywa katika mizigo ya wapagazi na kupelekwa bara kwa miguu.

Upande wa Waingereza hali ilikuwa hiyohiyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Wapagazi walikusanywa kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, na kutoka maeneo ya Tanganyika yaliyokwisha kutekwa. Nyasaland waliitwa tenga-tenga. Kwetu waliitwa Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na jina hilo limebaki katika soko letu mashuhuri la Dar es Salaam na katika mtaa wa Nairobi. Mwaka 1917, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, ukusanyaji wa wapagazi nchini Kenya uligeuka kuwa msako wa lazima. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walikaribia laki moja. Wengi hawakuuawa kwa fyuzi wala risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, chakula wasichokizoea na uchovu.

Majina yao yako wapi? Hapa ndipo fyuzi yangu inaponikosesha usingizi. Kipande cha shaba kilichotengenezwa ili kidumu sekunde chache angani kina namba, mwezi, mwaka, kiwanda, na hata jina la mwenye hataza. Mtu aliyekibeba kutoka pwani hadi Mahenge hana kaburi wala jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni Aprili mwaka huo. Radhi ni jambo la heri, lakini haiwezi kuandika jina ambalo karani wa mwaka 1917 hakuona haja ya kuliandika.

Ndiyo maana ninaitetea kazi ya wakusanyaji, na papo hapo ninaikosoa. Ninaitetea kwa sababu wanayahifadhi maandishi ambayo bila wao yangeyeyushwa kuwa mabomba. Ninaikosoa kwa sababu wengi wao huhifadhi chuma na kupoteza mahali. Aliyeniuzia fyuzi hii hakuwa na habari yoyote kuhusu shamba ilikookotwa. Kwa mwanahistoria, kitu kilichong'olewa kutoka mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni: maneno yanasomeka, lakini hujui ni ya sura ipi.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya na vijana wenye shauku. Kati ya fyuzi iliyoondolewa ulipuzi na ile iliyookotwa porini kuna tofauti ya uhai na mauti, na tofauti hiyo haionekani kwa macho. Kutu haiui baruti. Machi 2014, mjini Ypres nchini Ubelgiji, wafanyakazi wawili wa ujenzi waliuawa na kombora la Vita Kuu ya Kwanza lililokuwa limelala ardhini karibu miaka mia. Huko kuna kikosi cha jeshi ambacho hadi leo hupokea makombora yanayofukuliwa na wakulima mashambani. Kwetu, Novemba 2017, wanafunzi wa shule ya msingi wilayani Ngara walipoteza maisha baada ya mwenzao kuokota bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu. Bomu lile halikuwa la vita ninayoisimulia, lakini somo ni moja: mtoto aliyefundishwa bei ya kilo ya chuma chakavu na hakufundishwa sura ya bomu ametupwa na watu wazima.

Kwa hiyo nina neno kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa walio katika halmashauri za Lindi, Mtwara, Morogoro, Ruvuma na Dodoma, ambako majeshi yale yalipita. Mwananchi anapoleta habari ya chuma cha ajabu shambani, asikemewe wala asicheleweshwe. Aambiwe asikiguse, polisi na jeshi waitwe, na kabla hakijaondolewa au kuharibiwa, mtu mmoja aandike kijiji, kitongoji, tarehe na jina la mwenye shamba, na apige picha kutoka umbali salama. Gharama yake ni daftari na kalamu. Kitu kikishasafishwa na wataalamu, kiende makumbusho pamoja na karatasi hiyo.

Kwa wanafunzi wangu nina kazi ngumu kidogo. Nendeni kwa wazee, si kuwauliza habari za majenerali, bali kuwauliza ni nani katika ukoo wao aliyechukuliwa kubeba mizigo akarudi, na ni nani hakurudi. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinijia na jina moja tu, la kaka wa babu wa babu yake, lililobaki kwa sababu ukoo wao uliendelea kuwapa watoto jina hilo. Alikuwa anaomba radhi kwamba utafiti wa miezi miwili umezaa jina moja.

Nilimwambia aliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake. Kisha nilimpa ile fyuzi aishike, aone nafasi waliyopata wafanyabiashara ya kugonga majina yao juu ya shaba. Alihesabu herufi kwa kidole, akanirudishia, akaomba karatasi safi.