Mlango wa Chuo na Wenye Ufunguo Wake

Msomaji kijana, huenda unakaa Mjambere, au mahali pengine pa Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya Mombasa, na huenda siku za kuketi mtihani wa kuingilia chuo zimekukaribia. Kabla ya kuyafungua maswali ya miaka iliyopita, nataka ufahamu jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Mtihani huu haukushuka pamoja na mvua. Ulitungwa na watu, kwa haja yao, nao umebadilishwa mara nyingi. Mwenye kuijua historia yake huuheshimu bila ya kuuabudu, na hujiandaa kwa moyo ulio imara.

Fikira ya kuwachagua watu kwa mtihani ni kongwe. Uchina iliwachagua watumishi wa dola kwa njia hiyo tangu mwanzo wa karne ya 7 hadi mwaka 1905. Watahiniwa walifungiwa katika vijumba vyembamba, kila mtu peke yake, wakaandika siku kadha wa kadha. Fadhila ya desturi hiyo ilikuwa kwamba mwana wa mkulima aliweza kumshinda mwana wa tajiri. Kasoro yake ilikuwa kwamba wengi walimaliza ujana wao wakikariri maneno ya wazee. Fadhila hiyo na kasoro hiyo zimeufuata mtihani kila ulikokwenda. Uingereza nayo ilishika njia hiyo: mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuwatahini wanafunzi wa shule mbalimbali, na haukupita muda mrefu mitihani yake ikavuka bahari.

Kwetu pwani mwanafunzi alipimwa tangu zamani. Katika chuo cha Kurani alisoma mbele ya mwalimu wake, na mwalimu akamsikiliza mpaka akaridhika. Kisha, mwaka 1875, wamisionari wa Kiingereza walianzisha Freretown, hapa hapa Kisauni, iwe makao ya watu waliokombolewa katika utumwa, wakaweka na shule. Mwaka 1903 chuo cha kuwafundisha makasisi kilianzishwa papo hapo. Lakini mwaka 1930 kilihamishiwa Limuru. Basi elimu ya juu ilipata kukaa Kisauni, kisha ikahama, na vijana wa ng'ambo hii wakalazimika kuifuata mbali.

Mbali huko kulikuwa ni Makerere. Chuo hicho kilianza Kampala mwaka 1922 kikiwa na wanafunzi 14 tu, wakijifunza kazi za ufundi. Kilikua mpaka mwaka 1949 kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na kwa miaka mingi kilikuwa ndicho tegemeo la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nchi nne zilitazama mlango mmoja. Tafakari jambo hili, kwa maana ndani yake mna siri ya ukali wa mtihani: mlango ukiwa mmoja na wabishaji hodi wakiwa wengi, bawabu hutafuta sababu ya kukataza kuliko sababu ya kukaribisha.

Ufunguo ulikuwa cheti cha Cambridge. Maswali yalitoka Uingereza, na majibu yalirudishwa Uingereza yakasahihishwe na watu ambao hawakupata kumwona aliyeyaandika. Tena cheti hicho kilikuwa na sharti zito: aliyeshindwa katika Kiingereza alikikosa chote, hata kama alikuwa hodari wa hesabu na sayansi. Ni vijana wangapi waliohesabiwa wajinga, na kumbe upungufu wao ulikuwa katika lugha moja ya kigeni? Hakuna daftari lililowaandika.

Walioona dhiki hiyo walitafuta milango mingine. Mwaka 1956 Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa Nairobi. Mwaka 1959 Tom Mboya na wenzake walikodi ndege, wakawapeleka wanafunzi 81 Marekani kusoma katika vyuo vya huko. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kiliundwa, kikakusanya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Na mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Angalia, akili za vijana hazikuongezeka ghafula katika miaka hiyo. Kilichoongezeka ni milango.

Ufunguo nao ulirudi nyumbani, lakini pole pole. Mwaka 1967 Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa, likashirikiana na Cambridge kabla ya kuishika kazi lenyewe. Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Mwaka 1980, mwaka ule ule ambao daraja jipya la Nyali lilichukua mahali pa lile la zamani lililoelea juu ya maji, Kenya ilipata Baraza lake la Taifa la Mitihani. Mpango wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mwaka 1989 watahiniwa wa kwanza wakaketi mtihani ujulikanao kwa herufi KCSE. Katika mpango huo Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha ya Kisauni, iliyokuwa ikiachwa nje ya mlango, ikaingia chumbani pamoja na mtahiniwa.

Lakini usidhani kwamba ufunguo ukiwa mkononi mwetu basi hauwezi kuchafuka. Katika mtihani wa mwaka 2015 udanganyifu ulienea, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa, na mwaka uliofuata wakuu wa Baraza wakaondolewa. Mwaka 2015 waliopata alama ya A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, ulinzi ulipokazwa, walikuwa 141. Aibu hiyo haikuwapata waongo peke yao. Mwanafunzi mwaminifu aliyeshinda kwa jasho lake mwaka 2015 naye alitazamwa kwa shaka, naye hakuwa na njia ya kujitetea.

Sasa utajiandaaje? Soma ili uelewe, kwa kuwa mitihani hubadilika na ufahamu hubaki. Mtihani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na 8-4-4 yenyewe imeanza kuupisha mpango mwingine. Aliyekariri majibu hubaki na majibu ya maswali yasiyoulizwa tena. Aliyeelewa ana mtaji wa maisha. Fanya maswali ya zamani kama mpiga mbio ajizoezavyo uwanjani, ukiiangalia saa. Usinunue karatasi ya wizi, kwa sababu utakuwa umemwibia na jirani yako.

Na matokeo yakija, yapokee kwa kiasi chake. Pishi hupima nafaka iliyotiwa ndani yake, haipimi shamba. Ukifaulu, kumbuka wale waliokuwa na akili kama yako wakazuiwa na mlango mwembamba. Ukikosa, usikubali kwamba umepimwa wote. Tafuta mlango wa pili, na siku utakapopata uwezo, wajengee wengine mlango wa tatu.